Feni inazunguka, skuta inachemsha

Kilichonichelewesha kuujua ubovu wa skuta yangu ni raha ya miguu.

Ninaendesha skuta ya Kijapani ya cc 250, mtumba, ile unayoikalia kama uko kwenye kochi. Inapozwa kwa maji kama gari: rejeta, pale maji ya moto ya injini yanapopozwa kwa hewa, imesimama nyuma ya tairi la mbele, ndani ya plastiki, na feni ya umeme imebebwa mgongoni mwake. Kila siku natoka Tegeta kwenda Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kurudi. Anayeijua Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili jioni anajua kuna mahali hata pikipiki inakwama, hasa ukiwa na kitu kipana kama changu kisichopenya kati ya daladala mbili. Ukisimama Mwenge dakika kumi feni inawaka, na hewa ya moto iliyopita kwenye rejeta inashukia vifundoni. Mwezi wa pili, joto la Dar likiwa nyuzi 32 au 33 na unyevu wake, ni kama mtu amefungua tanuri la mkate chini ya suruali yako.

Feni ile ikafa. Mota ilikamata kutu, ikawa haizunguki hata ukiigusa kwa kidole. Fundi wa mtaani akatafuta ya aina yake akakosa, akaja na feni ya pikipiki nyingine. "Bosi, saizi moja hii, inakaa." Shilingi 45,000 ya feni, 20,000 ya ufundi. Ilikuwa na nyaya mbili, zote nyeusi, moja ina mstari mweupe uliofifia. Akaunganisha, akaipa moto, ikavuma hadi watu wa kijiwe cha kahawa wakageuka. "Unaona hiyo? Kimbunga."

Na kweli, jioni ile Mwenge miguu yangu ilikuwa baridi. Nilifurahi sana. Nilimpelekea fundi mteja mwingine.

Baada ya siku chache mshale wa joto ukaanza vituko. Kanuni ya mafundi wengi ni hii, na ni nzuri: ikichemsha imesimama, shuku feni, ikichemsha kwenye mwendo mkali, shuku rejeta imeziba au maji hayazunguki. Yangu haikufuata hata moja. Ikisimama kwenye foleni mshale ulipanda ukaning'inia chini kidogo ya nyekundu. Foleni ikianza kutambaa, kilomita 30 au 40 kwa saa, pale ambapo ungetegemea ipoe, ndipo ulipoingia nyekundu. Nikipita Lugalo kuelekea Tangi Bovu barabara ikiwa wazi, nikifika 60, ulishuka wenyewe kama hakukuwa na neno.

Sasa ukipeleka tatizo la namna hiyo gereji, kila mtu ana jibu lake. Wa kwanza akasema mfuniko wa rejeta. Hakukosea kuushuku, maana mfuniko ule ndio unaoshika presha. Wangu umeandikwa 1.1, yaani bar, kipimo cha presha, na presha hiyo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali yavuke hadi karibu 120. Springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba. Lakini chupa yangu ilikuwa pale pale kwenye alama. Nikanunua mfuniko hata hivyo, kwa sababu mtu akiwa na hofu hununua.

Wa pili akaitoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. "Kaka, Dar hakuna baridi, hii ya nini?" Matokeo yake asubuhi mshale ulikuwa hauinuki, injini ikawa inaamini haijapata moto, ikawa inakunywa mafuta, na jioni ikachemsha vile vile. Mbaya zaidi, alipojaza tena alijaza maji ya kisima. Maji ya visima vingi huku kwetu yana chumvi, na chumvi ndani ya rejeta ya aluminiamu ni mgeni asiyeondoka. Watu husema kulanti, yale maji ya dawa ya kujaza kwenye rejeta, ni ya nchi za barafu. Sivyo. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu, na hiyo inahitajika Dar kama inavyohitajika kwingine.

Wa tatu akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kichwa chake. Akataja bei. Nikakaa chini kwenye tairi bovu lililokuwa pale, nikamwambia nitarudi. Akanishauri nikiwa nasubiri hela niifunge feni moja kwa moja kwenye swichi, isizime kabisa. Namshukuru Mungu nilikuwa na haraka.

Jumapili nikaazima kipimajoto cha rafiki yangu, fundi wa friji na viyoyozi, kile cha kulenga kama bastola. Nikaiwasha skuta uani, nikaiacha iungurume bila kwenda hadi feni ikawaka, nikapima mpira wa juu unaoingiza maji ya moto kwenye rejeta na mpira wa chini unaoyatoa. Juu 103, chini 99. Maji yalikuwa yanapita kwenye rejeta nzima na kuacha nyuzi nne tu, wakati feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Na feni yenyewe haikuzima. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba feni ya zamani ilikuwa inawaka, inapoza, inajizima, inawaka tena. Hii mpya tangu ifungwe sikumbuki kuisikia ikijizima nikiwa nimesimama. Na betri ilishanigomea mara moja asubuhi, nikadhani ni uzee wake.

Nikiwa nimechuchumaa hapo, binti yangu akaja, akaweka mkono kwenye madigadi ya mbele. "Baba, mbona huku kuna joto?"

Madigadi ya mbele iko mbele ya rejeta. Haina sababu ya kupata joto. Hewa inatakiwa itoke mbele, ipite kwenye rejeta, itokee nyuma, ije iniunguze miguu.

Nilinyamaza kidogo. Halafu nikaenda kumwomba mama kijiti cha udi.

Nikazima injini nikaiacha ipoe, nikahakikisha tangi limefungwa na hakuna harufu ya petroli, nikaiunga feni kwenye betri kwa nyaya mbili za pembeni. Nikashika udi mbele ya rejeta, juu ya tairi. Kama feni ingekuwa inavuta, moshi ungezama kwenye mapezi ya rejeta, yale mabati membamba yanayopitisha hewa. Moshi ulinijia usoni. Niliusogeza kulia, kushoto, chini; kila mahali ulisukumwa huko mbele. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Unaifukizia? Ina shetani?" Mpangaji mwenzetu akacheka hadi akakaa.

Haikuwa na shetani. Ilikuwa na nyaya mbili zilizounganishwa kinyume. Mota ndogo ya namna ile, ukibadilisha chanya na hasi, haiungui wala haigomi. Inazunguka upande wa pili kwa furaha ile ile na kelele ile ile. Fundi aliiona inazunguka akaridhika, na mimi nikaridhika. Tena mabapa ya feni yamepinda ili yakate hewa upande mmoja. Yakizungushwa kinyume yanasukuma hewa kidogo sana, ni kama kuchota uji kwa mgongo wa kijiko.

Vituko vyote vikapata maelezo. Nikiwa nimesimama, feni ilikuwa inasukuma hewa ya moto ya kwenye injini kupita kwenye rejeta kwenda mbele. Haba, lakini ipo, ndiyo maana mshale uliganda chini ya nyekundu. Nikianza kutambaa, upepo wa mwendo ulikuja kutoka mbele ukakutana na wa feni, wakasukumana, hewa kwenye rejeta ikasimama. Nikifika 60 upepo wa barabara ukaishinda feni, joto likashuka. Na miguu yangu ilikuwa baridi kwa sababu joto lote lilikuwa linapelekwa mbele ya skuta, kisha sehemu yake linarudi lilikotoka. Yule wa feni isiyozima angekuwa ameniongezea ugonjwa nikilipia.

Mfanyakazi mwenzangu ana Honda PCX, na niliposimulia alinicheka. Ile yake haiwezi kufanywa hivyo. Rejeta yake imebandikwa ubavuni mwa injini, upande wa kulia, na feni imefungwa kwenye krankshafti yenyewe, ule mhimili unaozungushwa na injini, nyuma ya rejeta. Hakuna mota wala waya wa kugeuza. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Yamaha NMAX nayo ni hivyo. Nikamkumbusha kwamba akisimama kwenye foleni injini ikiunguruma taratibu, feni yake nayo inazunguka taratibu, na rejeta yake inatazama pembeni, mahali ambapo tope la tairi za wenzake linarukia. Hakujibu.

Kugeuza nyaya kulichukua dakika kumi, pamoja na kuzisuka upya na kuzifunga tepu. Udi wa pili ulizama kwenye rejeta kama umeitwa. Nikapima: juu 98, chini 91. Nafuu, lakini feni bado ilichelewa sana kujizima, na hapo nikaona jambo la pili ambalo fundi aliniachia. Feni ya kiwandani ilikuwa na koti la plastiki, kama kibakuli cha mraba, linaloshika kingo zote za rejeta ili hewa inayovutwa ipite kwenye rejeta nzima. Feni mpya haikukaa kwenye koti lile, basi akalitupa, akaifunga feni kwa vifungio vya plastiki vilivyopenya kwenye mapezi. Feni ni duara, rejeta ni mstatili. Pembe zote nne zilikuwa hazipati kitu. Na hewa ni mvivu: ikipata upenyo pembeni haitapita kwenye mapezi yenye msongamano, itazunguka.

Koti la kwanza nililikata kwenye dumu la mafuta ya kula. Lilipendeza. Baada ya nusu saa ya injini lilikuwa limelegea kama chapati ya maji, na bapa moja la feni likaanza kulikwangua. La pili nilimpelekea vipimo fundi bati anayetengeneza majiko, akanikunjia bati la aluminiamu, akatoboa duara katikati, kingo akazikunja zisikate mirija. Feni imefungwa kwa skrubu kwenye bati, bati limefungwa kwenye masikio ya rejeta, hakuna kinachogusa mapezi. Nafasi kati ya mabapa na rejeta niliiacha sentimita mbili na nusu. Juu na pembeni, kati ya rejeta na plastiki za skuta, nikaziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hivyo vipande usividharau. Bila vipande hivyo, ukiwa umesimama, feni inavuta tena hewa ile ile ya moto iliyotoka nyuma, inayopita juu ya rejeta kurudi mbele.

Mapezi yaliyolala niliyainua moja moja kwa bisibisi ndogo, kazi ya Jumapili mbili. Yalilazwa na mashine ya kuoshea, ile ya presha. Siku hizi namwambia kijana wa kuosha rejeta aimwagie maji ya kawaida, akitokea nyuma.

Themostati nikairudisha mpya. Nikasafisha njia za maji mara tatu kwa maji ya chupa hadi yakatoka meupe, nikajaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, nikainua tairi la mbele juu ya matofali mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa bado baridi, nikaiwasha na kuminya mipira hadi mapovu yakaisha. Hewa ikibaki ndani, kazi yote ile ni bure.

Kipimo cha mwisho: juu 96, chini 84, na feni ikajizima baada ya dakika moja na nusu. Niliisikiliza ikizima nikaenda kumwita mama aje asikie. Akaniuliza asikie nini, mbona kimya.

Jumatatu jioni nilikwama Mwenge kama kawaida. Mshale katikati, feni inawaka na kuzima. Nilikuwa nimevaa ndala, na vifundo viliungua hadi nikawa nainua mguu mmoja mmoja kama kuku kwenye mchanga wa saa saba. Dereva wa bajaji pembeni akaniuliza, "Kaka, unachemsha?" Nikamwambia hapana, inapoa.