Kupe wananikosesha usingizi

Madaktari wa mifugo mliopo Uganda, kuna mwingine anayeamka saa nane usiku kupiga upya hesabu ya dozi? Mimi hali ni hiyo tangu kupe wa huku Kiruhura wawe sugu kwa dawa za kuogeshea. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haina adabu. Leo ndama ana homa, tezi zimevimba chini ya sikio. Siku chache tu anahema kwa shida, povu linamtoka puani. Dawa ipo, ila inataka uwahi, na mimi huitwa baada ya watu kubahatisha sindano za dukani. Ndama akifa, lawama zangu. Deni la dawa pia langu.

Siku hizi mawazo yakinizonga nawasha taa, naandika daftarini: uzito wa ndama, joto, nilichomchoma, nitakachokagua asubuhi. Nikiona hesabu imekaa sawa kwenye karatasi, moyo unatulia. Si kila usiku, lakini. Ule ushauri wa "vuta pumzi ndefu" haunifai kabisa, labda kwa sababu nashinda zizini.

Kilichoniokoa hasa ni dada mmoja tuliyesoma naye Makerere, yuko Lyantonde. Tunapokezana Jumapili: nikizima simu, wafugaji wangu wanampigia yeye. Mzee mmoja alinuna, "Daktari, kumbe na wewe unapumzika?" Nikamjibu ndiyo mzee wangu, nikamwandikia namba ya dada. Jumapili hii zamu ni yangu, watu wa Lyantonde pigeni tu.