Fundi wa Herufi

Mwaka 1994, baada ya kumaliza darasa la saba, mjomba alinipeleka kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Tabora mjini nikajifunze kazi. Aliyenifundisha ni fundi kiziwi, zao la Shule ya Viziwi ya palepale Tabora, iliyofunguliwa 1963 ikiwa ya kwanza nchini. Alikuwa akipanga herufi za madini ya risasi, moja moja, zikiwa zimegeuka kama maandishi kwenye kioo, na alizisoma hivyohivyo bila kusita.

Mwezi wa saba alikuja bwana mmoja kuchapisha kadi za harusi. Mashine ya kuchapia, Heidelberg, inanguruma, kila mtu anapaza sauti. Akamtazama fundi, akamwambia tajiri, "Hapa mmepatia! Kiziwi ndiye wa kuwekwa mashineni, makelele hayamsumbui." Tajiri akacheka, akaafiki. Mimi iliniuma. Miaka yote ile ya fundi kujifunza herufi, kupima mistari, kukagua tahajia, watu wawili wameifuta kwa neno moja.

Fundi alikuwa akipitia karatasi ya yule bwana. Akasimama, akaandika kwenye kipande cha karatasi: "Jumamosi 14 Agosti?" Kisha akamshika mkono hadi kwenye kalenda ukutani, akaweka kidole. Tarehe 14 ilikuwa Jumapili. Bwana akahesabu, akahesabu tena, akatoka mbio kwenda parokiani. Aliporudi alisema ni tarehe 13. Fundi akachomoa 4 kwa kibanio, akapachika 3, akakaza fremu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Marekani shule za viziwi zilifundisha uchapaji tangu karne ya 19, na viziwi wengi walipata kazi kwenye magazeti makubwa, Washington Post likiwamo, hadi kompyuta zilipoziondoa linotype, mashine za kupanga herufi za risasi, miaka ya 1970 na kuendelea. Huko nako wapo wanaosema siri ilikuwa makelele. Sikubali. Makelele hayamfundishi mtu kupanga ukurasa. Waliingia magazetini kwa sababu walifundishwa kazi wakaiweza, na fundi wetu alistahili mshahara wa fundi, si ule aliokuwa akipewa.

Yule bwana alirudi mwezi wa tisa na kazi ya vitabu vya risiti. Tajiri akainuka kumpokea. Bwana akampita, akaenda mezani kwa fundi, akachukua kalamu na kuanza kumwandikia anachotaka.