Nilivyofungua ekzosi ya pawasoo yangu na kuiseti kabureta

Kazi yangu ni kuangusha na kupasua miti, hasa mikaratusi na misaipras, kuanzia Molo hadi pande za Ahero, karibu na Kisumu. Pawasoo yangu ni ya sentimita za ujazo 72 na sikuwa na neno nayo, ila baa, lile bamba refu linalozungukwa na mnyororo, ikizama yote kwenye gogo nene mnyororo ulianza kuzubaa na mimi nikaanza kusukuma. Meno nilikuwa nimeyanoa, kichujio cha hewa nimekiosha. Kilichobaki ni moshi. Injini ya mipigo miwili isipotoa moshi vizuri, haiwezi kuvuta mchanganyiko mpya vizuri, na sailensa yangu, lile kopo la ekzosi, ilikuwa na kitundu kidogo mno.

Kuifungua si kazi kubwa. Niliing'oa, nikaziba tundu la silinda la kutolea moshi kwa kitambaa safi, maana chembe za chuma zikiingia humo zitaichora pistoni. Nikapanua mwanya wa kutolea moshi kwa drili na tupa ya mviringo, bila kuvuka robo tatu ya eneo la tundu la silinda. Ukizidisha hapo unanunua kelele. Wavu wa kuzuia cheche niliurudisha. Kuna mafundi wanaoutupa, lakini nyasi za Januari zikishakauka, cheche moja inakugombanisha na kijiji kizima. Nikaikung'uta, nikaiosha kwa petroli, ilipokauka nikaifunga na gasketi mpya.

Shughuli yenyewe iko kwenye kabureta, kinachochanganya petroli na hewa. Moshi ukitoka kwa wepesi, hewa inazidi mafuta. Na oili inayolainisha pistoni imo humohumo ndani ya petroli, mililita 20 kwa kila lita, kwa hiyo mafuta yakipungua na oili imepungua. Nimeshaonyeshwa pistoni ya mtu aliyefungua ekzosi akaiacha kabureta ilivyokuwa: upande wa ekzosi wote michubuko, ringi za pistoni zimenata.

Injini iliposhika moto nilianza na skrubu ya L, ya mafuta ya resi ndogo, hadi ikapokea resi bila kusita, halafu ile ya mwendo wa injini bila resi, hadi nikiachia resi mnyororo unasimama kabisa. Kisha H, ya mafuta ya resi kubwa; ukiilegeza mafuta yanaongezeka, ukiikaza yanapungua. Niliilegeza robo mzunguko, nikavuta resi yote mashine ikiwa hewani. Ikaanza kutoa sauti ya kigugumizi.

"Mzee, hii imelewa petroli," akasema kijana ninayefanya naye kazi.

"Iache kwanza, ngoja iingie kwa gogo."

Ilipoingia, kigugumizi kikakatika na sauti ikanyooka. Nilipoitoa, kikarudi. Hapo ndipo pa kuitafuta H, ukikaza kidogo kidogo na kujaribu tena kwenye mti. Sauti ikinyooka hata mashine ikiwa hewani, ule mlio mwembamba ambao vijana wanaupenda, umekaza kupita kiasi, legeza upesi. Mwenye takometa, kipimo cha mizunguko ya injini, aitumie, asivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Na kama mwendo unapanda wenyewe bila resi, usihangaike na skrubu, kuna mahali hewa inapenyeza.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mwinuko. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni 1,100 na ushee. Hewa ya Molo ni nyepesi, kwa hiyo huku H hukazwa zaidi. Teremka na mashine hiyohiyo kupitia Muhoroni, ukate nayo Ahero bila kuigusa, na hewa nzito ya kule itaiacha na njaa ya mafuta kwenye joto kali. Mimi nikifika hulegeza H kwanza, ndipo niiwashe, halafu nairudisha polepole kwenye gogo la hapohapo. Kupanda Molo si hatari vile. Itatoa moshi mwingi na kukosa nguvu mpaka uikaze.

Sasa baa inazama yote na sisukumi. Petroli inakwisha haraka kidogo, na kelele imeongezeka, hivyo kijana naye nimemnunulia vizuia kelele vya masikio. Wateja walio karibu na shule wameniambia niwe nakuja Jumamosi.