Siku moja maishani mwangu: msusi mwenye nywele za kufika kiunoni

Saa 11:00 alfajiri

Kabla sijawasha taa, mkono wangu huenda kichwani kuhakikisha kwamba kofia ya satini haikuchomoka usiku. Hata ikiwa imechomoka sina wasiwasi mwingi, kwa sababu foronya ya mto wangu nayo ni ya satini. Kitambaa cha pamba hunyonya unyevu wa nywele na kuzikwaruza kila unapogeuka kitandani, ilhali juu ya satini nywele huteleza tu. Katika vitu vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya nywele zangu, foronya hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko vyote, na ndiyo ninayomtajia kwanza kila mteja anayeniuliza aanzie wapi.

Nywele zangu ni za kipilipili, na zikivutwa zinafika kiunoni. Ni mwaka wa 8 sasa tangu nianze kuzifuga, na kwa muda wote huo hazijaguswa na mkasi isipokuwa kwenye ncha. Asubuhi sizichani. Nafumua mabutu manne niliyolala nayo, nanyunyizia maji yaliyochanganywa na kondishena kidogo ya kuacha kichwani, kisha nachukua siagi ya shea kiasi cha punje ya harage, naiyeyusha viganjani na kuipaka kuanzia chini. Wengi huanzia utosini, mafuta yakaisha kabla hayajafika yanakohitajika. Unywele hukua kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, kwa hiyo ncha inayogusa kiuno changu leo ilitoka kichwani yapata miaka 6 iliyopita. Imeoshwa mara mamia, imesuguliwa na kola za nguo na mikanda ya mikoba, imepigwa na jua. Hiyo ndiyo sehemu kongwe na dhaifu kuliko zote, na haiwezi kujiponya, kwa kuwa unywele ukishatoka kwenye ngozi hauna uhai tena. Kazi yangu yote, nyumbani na saluni, ni kuilinda ncha hiyo isikatike.

Saa 2:30 asubuhi

Nafika saluni nikiwa nimezikusanya nywele juu ya kisogo na kuzibana kwa kibanio kikubwa kisicho na kingo kali. Naloweka machanuo kwenye maji ya sabuni, nakunja taulo, nanoa macho kwa kuangalia daftari la miadi. Leo kuna wateja watano.

Saa 3:00 asubuhi

Wa kwanza ni binti aliyejaa huzuni hata kabla hajakaa. "Dada, nywele zangu zimegoma kukua. Huu mwaka wa tatu, ziko hapahapa mabegani."

Malalamiko haya nayasikia karibu kila siku, na karibu kila siku jibu lake limo kichwani mwa anayelalamika. Binti huyu alipaka rangi ya kahawia nyekundu miezi 5 iliyopita. Nikamgawanya nywele katikati, nikaweka rula ndogo kwenye ngozi ya kichwa na kumpa kioo cha mkononi ajionee mwenyewe: nywele nyeusi, mpya, zisizo na rangi, zilikuwa zimefika alama ya sentimita 5. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe zinakua!" Ndiyo, zinakua. Tatizo ni kwamba zinakatika chini kwa kasi ileile zinayotokea juu.

Ili aamini, nikatandaza kitambaa cheupe mapajani mwake na kuchana fungu moja taratibu. Nywele zilizoanguka tukazitenga mafungu mawili. Chache zilikuwa ndefu, zenye kichwa kidogo cheupe upande mmoja; hizo zimemaliza muda wake na kung'oka zenyewe, jambo la kawaida kabisa, kwani mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Nyingi zaidi zilikuwa vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, visivyo na kichwa cheupe upande wowote. Hivyo ndivyo vilivyokatika. Namsihi kila anayehangaikia urefu wa nywele zake afanye jaribio hili kabla ya kununua chupa yoyote ya mafuta, kwa maana anayekatika nywele na anayeng'oka nywele wanahitaji msaada tofauti kabisa.

Tulikubaliana nipunguze sentimita 3. Kukata ncha hakuharakishi ukuaji hata kidogo, kwa sababu mzizi ulio ndani ya ngozi haujui kinachotendeka chini, na msusi anayesema vinginevyo anampotosha mteja. Tunakata kwa sababu ncha iliyopasuka huendelea kuchanika kupanda juu, na ukiiacha utakuja kupoteza sentimita 8 badala ya 3. Mkasi wangu wa nywele haukati karatasi wala uzi, maana mkasi butu husaga ncha badala ya kuikata, na ncha iliyosagwa hupasuka upya baada ya wiki chache.

Saa 5:00 asubuhi

Anakuja mama mmoja mwenye nywele nene za kipilipili zilizopita mabega, na hapa ndipo nafanya kazi ninayoipenda kuliko zote: kuosha. Yeye huniita mwanangu, na hunipa muda wote ninaoutaka.

Kwanza mafuta ya nazi, kabla ya maji. Nayapaka kwenye shina la nywele na kuyaacha nusu saa. Unywele ukilowa huvimba, ukikauka hunywea, na kuvimba na kunywea huko kunakojirudia kwa miaka ndiko kunakoinua magamba madogo yanayoufunika unywele kama vigae vya paa. Mafuta ya nazi yana molekuli ndogo zilizonyooka, zinazoweza kupenya hadi ndani ya unywele na kupunguza maji yanayoingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Kwa hiyo mafuta haya si mazuri kwa harufu tu, ingawa harufu yake pia naipenda.

Shampuu naimimina viganjani, nikiipitisha kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, kamwe si kwa kucha. Povu linaposhuka na maji linatosha kusafisha urefu uliobaki, na hakuna haja ya kurundika nywele juu ya kichwa na kuzifikicha kama nguo. Kisha kondishena, nyingi, kuanzia katikati kwenda chini. Sehemu za unywele zilizoumia huwa na chaji hasi, na viungo vikuu vya kondishena vina chaji chanya, kwa hiyo hushika zaidi pale penye majeraha. Ukisoma lebo, jua kwamba viungo hupangwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi. Mafuta yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa lakini yakawa ya mwisho nyuma yake ni mapambo tu. Wala usiogope ukiona alkoholi ya setili, kwani hiyo ni ya jamii ya mafuta na hulainisha, tofauti na alkoholi nyepesi zinazokausha.

Mafundo nayafungua kwa vidole, kondishena ikiwa bado kichwani, kisha kwa chanuo la meno mapana, nikianzia sentimita chache kutoka kwenye ncha na kupanda kidogo kidogo. Nikikuta fundo gumu nyuma ya sikio, sivuti. Naongeza kondishena, nalishika fundo kwa vidole viwili, na kuvuta uzi mmoja mmoja kutoka juu yake hadi lilegee lenyewe. Leo fundo moja lilichukua dakika 6. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, na sikutamani hata moja irudi, kwa sababu fundo hilo lingekatwa lingeacha shimo katika nywele alizozilea kwa miaka mitatu. Kwa wenye nywele za singa ushauri wangu hugeuka: wafungue mafundo kabla ya kuosha, kwani unywele uliolowa hunyumbulika kupita kiasi na hukatika upesi zaidi. Nywele za kipilipili zikichanwa kavu huumia zaidi, na ndiyo maana huchanwa zikiwa zimelowa na kuteleza kwa kondishena.

Mwisho, sisugui kwa taulo. Natumia fulana kuukuu ya pamba, nikikamua maji kwa kubonyeza tu.

Saa 7:30 mchana

Wakati wa mapumziko wasusi wenzangu wanazungumzia vidonge vya biotini, vitamini ambayo wengi huimeza wakitumaini itakuza nywele. Msimamo wangu haujabadilika. Upungufu wa biotini ni nadra, na kwa mtu asiye nao vidonge hivyo havina faida iliyothibitishwa. Tena vina madhara yasiyofahamika na wengi: mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba biotini nyingi mwilini huweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya kugundua shambulio la moyo. Mtu anayeng'oka nywele nyingi na kuchoka bila sababu namwelekeza kwa daktari akapimwe madini ya chuma na tezi ya shingo. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita namtuliza, kwa kuwa kung'oka huko hutokea kwa wengi na kwa kawaida nywele hurudi.

Saa 8:30 mchana

Mteja wa nne anataka rasta nyembamba sana, zilizokazwa sana, "zidumu miezi mitatu". Nilimkatalia kwa heshima, na nikamweleza sababu. Zamani, katika saluni moja niliyokuwa nikisukwa, nilikazwa hadi vipele vikatoka kando ya paji la uso. Nilimeza dawa ya maumivu ili nilale, na nilipolalamika niliambiwa kwamba zitalegea zenyewe. Nilipofumua, nywele za mapanja yote mawili zilitoka na rasta. Zilichukua zaidi ya mwaka kurudi, na upande wa kushoto hadi leo ni nyepesi. Bado inaniuma, kwa sababu ilikuwa inaepukika.

Nywele zinazovutwa muda mrefu hukonda, kisha hung'oka, na mvuto ukiendelea kwa miaka, vishimo vyake kwenye ngozi huziba kwa kovu na havioti tena. Ukiacha mapema, zinarudi. Kwa hiyo tulipatana: rasta nene kiasi, nywele za pembeni mwa uso zikiachwa huru, na afumue baada ya wiki 6 hadi 8. Kusuka ni kinga nzuri ya ncha, kwani hukaa zimefichwa zisiguswe, lakini kinga inayouma imekwisha kuwa dhara.

Saa 11:00 jioni

Wa mwisho ana nywele za singa, naye anataka zinyooshwe kwa pasi. Nahakikisha zimekauka kabisa. Maji yaliyobaki ndani ya unywele huchemka ghafla yakiguswa na chuma cha moto na kuacha mapovu ndani ya shina, na hapo unywele huvunjika kama kijiti. Draya naishika umbali wa sentimita 15 hivi na siisimamishi mahali pamoja. Pasi siipandishi kupita nyuzi 180, na kila fungu hupitiwa mara moja.

Wakati nikimhudumia, alinionyesha kwenye simu tangazo la mafuta yanayoahidi sentimita 10 kwa wiki mbili. Nilimtajia Xie Qiuping wa China, aliyeacha kukata nywele mwaka 1973, na zilipopimwa mwaka 2004 zilikuwa na urefu wa mita 5.627. Gawanya kwa miaka hiyo 31: ni kama sentimita 18 kwa mwaka. Mwenye nywele zilizovunja rekodi ya dunia hazikumkulia hata sentimita 2 kwa mwezi. Alichokuwa nacho cha pekee ni muda. Kwa watu wengi unywele mmoja hukua kwa miaka 2 hadi 7, kisha hupumzika na kuanguka, na urefu wa kipindi hicho hurithiwa, haununuliwi. Mafuta ya nyonyo aliyokuwa nayo mkobani nilimwambia ayatumie kufunika ncha, kwani ni mazito na yanafaa kwa hilo, lakini asiyadai ukuaji.

Saa 3:00 usiku

Nyumbani, nafungua kibanio na kuachia nywele zangu dakika kumi ili ngozi ya kichwa ipumue baada ya kubanwa mchana kutwa. Nazigawa mafungu manne, napaka tone la mafuta kwenye ncha za kila fungu, nasokota mabutu bila kukaza, kisha kofia ya satini.

Kabla ya kulala nilizitandaza kwenye kitambaa cheupe nywele zilizonasa vidoleni na kwenye chanuo. Zilikuwa 23. Zenye kichwa cheupe zilikuwa 21, na vipande vifupi vilikuwa viwili.