Nilivunjika mkono bafuni ndo nikaanza kuulizia mifupa yangu (natumia ARV toka 2007)

Mimi ni mama wa miaka 52, nipo Dar, dawa nimeanza 2007 enzi zile za stavudini (dawa ya zamani ya VVU) mpaka nikafika kwenye TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu), virusi havionekani miaka mingi tu na kliniki huwa sikosi. Sasa mwaka jana nikateleza bafuni, wala sio kuanguka kwa kishindo, nimeweka tu mkono chini nisiumie, kah! Mkono ukavunjika pale karibu na kiganja. Nikafungwa hogo wiki sita. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani, nilivyosema mwenyewe nikajibiwa mama ni umri tu huo. Umri gani jamani, miaka 51?

CTC (kliniki yetu ya VVU) ndo nikakutana na daktari mmoja kijana, akaniambia mfupa ukivunjika kwa kuanguka toka ulipokuwa umesimama tu, huo sio wa kupuuzia, na kwa sisi tunaoishi na VVU mambo yanajumlishana: virusi vyenyewe vinadhoofisha mfupa, tenofoviri (ile T ya TLD) nayo inaupunguza hasa mwaka mmoja miwili ya mwanzo, alafu mwanamke hedhi ikishakata ndo kabisa. Yangu ilikata nina 43.

Akafungua kwenye simu kikokotoo kinaitwa FRAX, kimetoka chuo kikuu cha Sheffield Uingereza, kinakupa asilimia ya uwezekano wa kuvunjika miaka 10 ijayo, kwa wenye miaka 40 na kuendelea. Unaanza kwa kuchagua nchi, Tanzania hatukuiona, tukaweka Afrika Kusini. Maswali yenyewe mepesi, kilo, urefu, sigara, pombe, ulishavunjika au la. Ila VVU haipo! Daktari akasema mwenye VVU anaweka ndiyo pale wanapouliza kama una tatizo jingine linalosababisha mifupa kudhoofika.

Swali lililonikwamisha ni hili: baba au mama yako alishavunjika nyonga?

Mama alianguka uani kwetu Singida mwaka 1998, akalala kitandani miezi mpaka akafariki, picha hakupigwa hata moja. Watu walisema kateguka, akaitwa mzee wa kukanda. Nikamwambia daktari sijui, akasema usiweke tu hapana, kaulizie nyumbani. Jioni nikampigia mama mdogo, ndo aliyekuwa anamuuguza.

"Shikamoo mama mdogo."
"Marahaba mwanangu, kuna nini tena?"

Nikamuuliza mguu ulikuwaje. Akafikiri weee, akasema mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, tunaurudisha unageuka tena vilevile. Nilivyorudi kumweleza daktari alinyamaza kidogo, akasema hiyo ni nyonga, weka ndiyo. Yaani miaka yote hiyo tunasema kateguka, na alikuwa analia akikandwa. Nilitoka nje kwanza.

Tulivyoweka ndiyo asilimia ikapanda, ila bado haikuwa ya kutisha. Daktari akasema usijifariji nayo, hiki kinapiga hesabu kwa jinsi watu wa nchi uliyochagua wanavyovunjika, wewe umeshavunjika tayari na hedhi imekata, nenda DEXA, kile kipimo cha mashine cha kuona uimara wa mifupa. Nikaenda kwa hela ya kikoba. Kipimo chenyewe hakiumi, unalala mezani mkono wa mashine unapita juu yako dakika chache basi. Alama ya shingo ya paja (pale mfupa wa paja unapoingia nyonga) ikaja -1.9, mgongo -2.7, na kuanzia -2.5 kushuka ndo wanasema mifupa imeisha nguvu kweli. Hapo ndo nikajua FRAX ukiiwekea majibu ya DEXA inasoma shingo ya paja tu, mgongo haiuoni, kwa hiyo kwa namba zile ningeonekana nina nafuu.

Nilitaka kuacha dawa siku hiyohiyo nisidanganye. Daktari akanikatalia, akapima figo na vitamini D, akapima na homa ya ini B kwanza maana tenofoviri inaishika na hiyo pia, ukiitoa kichwakichwa ini linaweza kuwaka. Sikuwa nayo, tenofoviri ikatolewa nikawekewa abakaviri. Alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, nameza kila Jumamosi asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji, nusu saa hakuna kulala, hapo ndo nafagia uwanja.

Kalsiamu ndo niliharibu. Nilikuwa naibwia na ARV usiku kwa pamoja bila kula, mpaka dada wa famasi akanigombeza, kumbe inazuia dolutegraviri (ile D ya TLD, hiyo nimebaki nayo) isiingie vizuri mwilini, ni ama uvimeze pamoja na chakula, ama ARV itangulie masaa mawili. Sasa hivi kalsiamu ni ya mchana, nikishakula.

Mama mdogo nimemwambia naye akapime, anasema yeye hajaanguka bado.