Ngitili ya bibi yangu na fedha ya serikali

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Shinyanga Vijijini, kuna kipande cha ardhi ambacho watoto tulikatazwa kabisa kuingiza ng'ombe mvua zikishaanza kunyesha. Wasukuma hukiita ngitili. Nyasi na miti huachwa ikue msimu wote wa mvua, na mifugo hufunguliwa humo kiangazi kinapokaza, pale ambapo malisho mengine yamekwisha na ndama na maksai hawana tena pa kula. Kila ninaposoma habari za ruzuku na miradi ya mazingira, akili yangu hurudi kwenye kipande hicho, kwa sababu ndicho kilichonifundisha namna msaada wa serikali unavyoweza kumfaa mkulima.

Ngitili ilikaribia kutoweka. Enzi za ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kutokomeza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na ardhi iliyokuwa ikilindwa na wazee wao, nayo ikabaki bila mwangalizi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, hali ya Shinyanga ilimshtua Mwalimu Nyerere mwenyewe, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI. Norwei ilichangia fedha, na watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakaongeza utaalamu.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Mabwana misitu walianza na walichokijua, yaani vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na miche hiyo ikaliwa na mchwa, ikakaushwa na jua, na iliyosalia ikatafunwa na mbuzi. Ninawaheshimu wataalamu wale kwa jambo moja ambalo halitokei mara nyingi katika miradi: walikubali kuwauliza wenyeji. Wenyeji wakawaonyesha ngitili, na ikabainika kwamba ardhini mlikuwa na visiki na mizizi hai ya migunga iliyokuwa ikisubiri tu kupumzishwa. Kuanzia hapo kazi ya mtaalamu ikabadilika. Akawa anasaidia kupima mipaka, kufundisha upogoaji na upandaji wa miti ya malisho, na kuzisaidia serikali za vijiji kuweka sheria ndogo, huku ulinzi wenyewe ukibaki mikononi mwa dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na walinzi wa sungusungu, ambao mchungaji aliyevunja mwiko aliwaogopa kuliko afisa yeyote wa wilaya.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia wilaya ambazo leo ziko Simiyu na Geita. Humo watu walipata kuni, fito, mipini ya majembe, asali, uyoga na dawa. Mradi ulifungwa mwaka 2004, baada ya miaka 18, na ninaamini urefu huo ulichangia mafanikio kama zilivyochangia fedha, kwa kuwa mgunga haukui kwa kufuata mwaka wa bajeti.

Jirani zetu wa Kondoa walipitia njia nyingine. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ulichimba matuta ya kukinga maji kwa mitambo, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,256. Makorongo yalipona, hilo halina ubishi, na uoto ulirudi kwa kasi ya kustaajabisha. Hata hivyo kaya zilikosa maziwa na samadi kwa miaka, na mifugo iliyoondolewa ilikwenda kulemea malisho ya mahali pengine. Serikali ileile, katika nchi ileile, ilinunua uoto kwa bei mbili tofauti, na sehemu kubwa ya bei ya Kondoa ililipwa na mfugaji.

Leo fedha zimeongezeka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh 294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh 954 bilioni mwaka 2022/23, mbolea ikawekewa ruzuku, na maafisa ugani wakagawiwa pikipiki. Nimefurahi kwa dhati, kwa sababu bila mbolea mahindi ya bibi hayafiki kifuani. Ila mbolea huisha shambani msimu ukiisha. Ningependa afisa ugani anayefika kwa pikipiki ile awe pia na siku ya kukaa na wazee kijijini, kuuliza ni mipaka ipi ya ngitili imeanza kuliwa na mashamba, na kuwasaidia kuipatia hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ngitili ya bibi bado haina hati hiyo.