Spika za Baba Mdogo, Kibuli

Spika za baba mdogo zilikuwa zikitoa kelele za aina tatu kwa wakati mmoja, na kila fundi aliyepita pale alizitibu kama ugonjwa mmoja. Wa kwanza alibadilisha spika zenyewe. Aliyemfuata akamuuzia kadi mpya ya sauti. Kelele zikabaki palepale. Ilikuwa mwaka 2017, msimu wa mvua za Machi, Kibuli, Kampala, kwenye nyumba ya matofali chini kidogo ya msikiti. Mzee alikuwa akihariri kaswida na rekodi za harusi kwenye kompyuta ya mezani, na kazi ya namna hiyo haitaki mchezo: ukishindwa kujua kelele iko kwenye rekodi au kwenye spika, utaharibu rekodi nzuri ukidhani unaitengeneza.

"Mwanangu, hii kitu ina jini," aliniambia.

Spika zilikuwa zile za vipande vitatu: sanduku la besi chini ya meza, lenye transfoma na amplifaya ndani, na spika mbili ndogo zinazounganishwa nalo kwa waya mwembamba wa mita tatu hivi kila moja. Nilizima feni, taa na televisheni, nikasikiliza. Kelele ya umeme ina mpigo wake, na mpigo huo ukiusikiliza vizuri utakuelekeza inakotoka kabla hujagusa bisibisi. Pale kulikuwa na mngurumo mzito usiokatika. Kulikuwa na mkwaruzo wa trrr-trrr-trrr uliokuja kwa vishindo na kupotea. Na chini ya hayo yote kulikuwa na tiki kavu, tik, tik, tik, kila baada ya sekunde moja na ushei, usiku na mchana.

Mkwaruzo haukunisumbua. Ni simu. Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo. Hurusha kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na kwenye masafa ya megahezi 900 kila kipande kinaweza kufika wati 2. Nyaya za spika huyapokea mawimbi hayo kama antena, na vitu vya ndani ya amplifaya huyageuza yale mapigo 217 kuwa sauti. Ndiyo maana mkwaruzo husikika kidogo kabla simu haijaita, na pia simu inapojitambulisha kwa mnara bila mtu kuigusa. Mzee alikuwa na katochi, simu ndogo ya vitufe, aliyoipenda kuliko simu yake kubwa, na alikuwa akiilaza juu ya sanduku la besi. Tuliihamishia dirishani, hatua mbili kutoka kwenye meza, mkwaruzo ukanyamaza.

Mngurumo ulikuwa kazi ya multimita. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, na mngurumo wa namna ile ni wa hezi 50 na 100. Nilichomoa kebo ya sauti kwenye kompyuta, ukakatika. Nikairudisha, ukarudi. Maana yake ulikuwa unaingia kupitia kebo ile, haukuzaliwa ndani ya amplifaya. Nikapima soketi. Kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, volti 236, hakuna neno. Kati ya laivu na ethi, waya wa usalama unaoshuka ardhini, 118. Kati ya nyutro na ethi, 118 tena.

Nusu kwa nusu namna hiyo haitokei kwa bahati. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta, pale umeme unapoingia, kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele: moja inatoka laivu kwenda kwenye bodi ya chuma, yaani kasha la kompyuta, nyingine inatoka nyutro kwenda kwenye bodi hiyohiyo. Ethi ikiwa nzima, kinachovuja hapo huishia ardhini. Ethi ikiwa imekatika, zile kapasita mbili hugawana umeme katikati na bodi ya kompyuta inabaki ikielea kwenye nusu ya volti za gridi. Mkondo wake ni mdogo, chini ya milliampea moja, lakini ukipitisha mgongo wa kidole kwenye chuma utausikia ukitekenya. Mzee alikuwa akiusikia siku zote na hakuwahi kuuhusisha na spika. Plagi ya spika ilikuwa ya pini mbili, kwa hiyo umeme ule unaovuja ulitafuta njia kupitia nyuzi za nje za kebo ya sauti, ukaingia katika transfoma ya sanduku la besi na kurudi kwenye gridi. Mkondo unaopita kwenye nyuzi hizo hujumlishwa na muziki, na amplifaya haina namna ya kuvitenganisha.

Wapo mafundi ambao wangevunja pini ya ethi kwenye plagi ya kompyuta au kumwekea ekstensheni ya nyaya mbili, kwa sababu mara nyingine mngurumo huondoka hivyo. Siku laivu ikigusa bodi ya kompyuta hiyo, fyuzi haitakatika, na atakayeigusa ndiye atakayekuwa ethi. Hilo silifanyi, na anayelifanya nyumbani kwa watu simwiti fundi.

Fimbo ya ethi tuliikuta nyuma ya jiko, karibu na ukuta wa mpaka. Fimbo yenyewe ilikuwa nzima, ya shaba juu ya chuma, unene wa milimita 16, lakini klampu ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani na waya umechomoka, umelala pembeni kwenye maramu. Tulizima meni swichi, nikapiga msasa kichwa cha fimbo hadi kikang'aa, nikakata waya ulioliwa na kutu na kuunga mpya wa kijani na njano, milimita 6 za mraba, kwa klampu mpya ya shaba nyeupe. Nikapima tena: laivu na ethi 235, nyutro na ethi 2. Mngurumo ukafa kabisa.

Tiki ikapanda.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu. Kabla ya kurekebisha ethi, tiki ilikuwa haijali lolote: ukishusha sauti hadi sifuri, ipo; ukichomoa kebo ya sauti, ipo vilevile. Hiyo ilionyesha kwamba haipiti kwenye kompyuta, inaingia kwenye amplifaya baada ya kitasa cha sauti. Sasa ilikuwa kubwa zaidi, na ukichomoa kebo ya sauti ilirudi kwenye kiwango chake cha zamani. Kwa hiyo ilikuwa na njia mbili. Njia moja ni hewani, kupitia nyaya za spika ndogo. Nilizikunja zikawa fungu dogo na tiki ikapungua. Njia nyingine ni ardhini, kupitia ethi niliyotoka kuiunga, kwenye bodi ya kompyuta hadi kwenye kebo. Kitu kilikuwa kinapiga udongo wenyewe.

Binamu yangu alikuwa na mshukiwa wake: mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwa vile taa yake nyekundu nayo hupepesa. Si wazo la kudharau, na lina hesabu yake. Mita ile ilikuwa imeandikwa mapigo 1000 kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Ili taa ipepese kila sekunde 1.2, yaani mara 3000 kwa saa, nyumba ingekuwa inatumia kilowati 3 bila kupumzika. Pale palikuwa na friji na taa chache. Tena ukiwasha pasi, taa ya mita huharakisha, tiki haikuharakisha. Tukazima meni swichi, nikawasha spika kwa betri ya gari na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Taa ya mita ikasimama. Tiki ikaendelea.

Jioni umeme ulikatika mtaa mzima, na kusema kweli sijawahi kuufurahia mgao kama siku ile. Giza hadi chini bondeni, na spika kwenye inveta bado zinahesabu. Chanzo kilikuwa na betri yake.

Kitu chenye betri yake, kinachopiga kila sekunde na ushei, chenye nguvu ya kuutikisa udongo: katika Kampala jibu huwa liko juu ya ukuta. Mashine ya uzio wa umeme hukusanya chaji kwenye kapasita, kisha huiachia yote kwa mkupuo kupitia transfoma, volti elfu nane au zaidi, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Halafu inapumzika na kuanza upya. Mapumziko hayo ndiyo yanayomwezesha aliyeshika waya kuuachia. Ndani ina betri ya volti 12, mara nyingi ya ampea-saa 7, ili uzio usilale umeme ukienda.

Lakini uzio mzima hausumbui majirani. Pigo linakwenda kwenye waya na hakuna linapovuja. Kinachosumbua ni cheche: mahali waya umeachana kidogo na kiungo chake, au unarukia kitu cha pembeni. Cheche hurusha kelele kwenye masafa yote kwa pamoja, na kuitafuta hakuhitaji chombo cha bei. Redio ndogo ya betri inatosha. Iweke kwenye AM, mahali pasipo na stesheni, nawe utaisikia tiki ileile ya spika. Antena ya chuma ya kuvuta haina kazi kwenye AM. Inayopokea ni fimbo nyeusi ya feraiti, kitu kigumu cha sumaku, iliyolala ndani kwa urefu wa redio. Fimbo hiyo hupokea vizuri kutoka ubavuni na vibaya kutoka kwenye ncha. Kwa hiyo izungushe redio taratibu hadi tiki ififie kabisa: hapo ncha yake inaelekea kwenye chanzo, ingawa haisemi ni mbele au nyuma. Fanya hivyo sehemu mbili tofauti za uwanja, na pale mistari miwili inapokutana ndipo pa kwenda. Ukikaribia, tiki itajaa kila upande. Basi sogeza sindano juu, karibu na kilohezi 1600, ambako kelele ya cheche hufika umbali mfupi zaidi, na punguza sauti.

Mistari yangu ilikutana kwenye kona ya ukuta wa mpaka, upande wa Haji jirani. Nilikwenda na binamu, tukabisha hodi kwa askari wa getini, na Haji mwenyewe akatoka na tochi. Nilimwambia, "Shikamoo Haji, naomba tuizime hiyo tochi kidogo." Tulisimama gizani tukitazama juu. Mpasheni ulikuwa umepanda ukuta na mvua zile, kikonyo kimoja kimejizungusha kwenye waya wa tatu. Karibu yake, pale waya ulipopinda kona, kikombe cha plastiki kinachoutenga waya na nguzo kilikuwa kimepasuka, na kila tiki ya redio ilikuja na uzi mwembamba wa buluu ukiruka kutoka kwenye waya hadi kwenye nguzo ya chuma. Ukisogeza sikio ulisikia pia mlio wake, tak, kama mtu anavunja kijiti.

Haji alimwita fundi wake wa uzio, kijana makini, naye alikuja na kipima-volti cha uzio. Pale kwenye kona kilisoma kilovolti 4.1. Kabla ya kugusa chochote alizima mashine, akafungua na kuchomoa betri, kisha akagusisha waya na ethi yake kuondoa kilichobaki. Ukizima umeme wa ukutani tu, betri inaendelea kupiga. Alikata mpasheni na kubadilisha kikombe. Viungo vya waya vilikuwa vimesokotwa kwa koleo, alumini kwa shaba, na vikawa vimeliwa. Aliviondoa akaweka klampu za kubana.

Swali langu kwake lilikuwa fimbo zake za ethi ziko wapi. Akanionyesha: moja tu, chini ya ukuta. Tulipima kwa futi kutoka hapo hadi fimbo ya baba mdogo upande wa pili, haikufika mita 2. Ethi ya uzio inatakiwa ikae mbali na ethi ya nyumba yoyote, angalau mita 10, kwa sababu kila pigo linalovuja hurudi kwenye mashine kupitia udongo, na udongo unaoizunguka fimbo hupanda volti kwa kitambo kile. Fimbo yetu ilikuwa imechomekwa katikati ya njia hiyo. Ilipokuwa imekatika haikubeba kitu. Nilipoiunga, ikaanza kuleta habari za uzio wa Haji hadi kwenye meza ya kompyuta.

Kijana alihamishia ethi yake upande wa getini, fimbo tatu za mita 1.2 zilizoachana mita 3, chini ya bomba la kuoshea gari ambako udongo haukauki. Kipima-volti kikasoma 7.6 kwenye kona. Haji alifurahi kuliko sisi, maana kumbe alikuwa akiulipia uzio uliokuwa ukipiga nusu.

Kwa baba mdogo ilibaki tiki ndogo ya kutega sikio kwenye spika. Nilikuwa na pete za feraiti nilizozitoa kwenye nyaya za skrini za zamani zilizokufa. Nilipitisha waya wa kila spika ndogo, nyuzi zake mbili kwa pamoja, mizunguko mitano ndani ya pete, karibu kabisa na sanduku la besi. Mizunguko ina faida kubwa kuliko inavyoonekana: mitano huzuia kiasi cha mara 25 ya mmoja. Wengine huweka kapasita moja kwa moja kwenye matokeo ya amplifaya. Kwa chipu za aina ya TDA2030 zilizomo kwenye masanduku haya sipendekezi, zinaweza kuanza kujitetemesha zenyewe na kuungua moto bila kutoa sauti yoyote ya kukuonya.

Tiki ikaisha. Pete moja ilibaki mfukoni, nikaibana kwenye kebo ya sauti. Haikubadilisha chochote, nami nikaiacha hapohapo.